Kwa Miguu Kutoka Olmoti Hadi Lengai, Kisha Chole na Juani: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu safari hii hufanana. Kuna aliyepanda Ol Doinyo Lengai katika giza totoro, taa ikamwishia chaji, akageukia nusu ya njia. Kuna aliyefika visiwa vya Mafia siku za maji mafu, bahari isiposhuka sana, akatembea ufukweni kidogo akawa amemaliza. Na wapo wengi waliofika Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima huo, magoti yameshakwisha, mlima wakaishia kuutazama wakinywa soda.

Ukiwauliza tarehe walipangaje, watakuambia likizo ya kazini au bei ya tiketi. Hakuna anayetaja mwezi. Kumbe safari hii yote inaendeshwa na mwezi: ndio unaokumulikia njia Lengai, na ndio unaovuta maji ya bahari ukatembea mahali ambapo juzi palikuwa na kina.

Mwongozo huu ni wa siku kumi na mbili: nyanda za juu za Ngorongoro, ukanda wa Ziwa Natron, kisha visiwa vya Mafia, vikiwemo Chole na Juani. Ni safari ya kuongozwa. Ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu bila askari, na Lengai hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanda bila mwenyeji.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya mwilini

- Viatu vya kupandia milima vyenye soli ngumu, ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya viache nyumbani.
- Viatu vya pili vya mpira vinavyofunika vidole, kwa ajili ya baharini. Ndala hazifai, matope ya mikokoni huzinyonya zikabaki humo.
- Sweta nzito, koti la mvua, kofia ya sufu na glavu. Juni hadi Agosti baridi ya usiku ukingoni mwa kreta ya Empakaai hukaribia nyuzi sifuri.
- Nguo nyepesi za mikono mirefu kwa Natron na pwani, pamoja na kanga au kikoi. Vijijini Mafia watu hujisitiri, na mgeni anatarajiwa afanye vivyo hivyo.
- Suruali ndefu na soksi ndefu. Misitu ya huko juu ina majani yanayowasha.

Vya kazi

- Mfuko wa kulalia wa baridi kali na godoro jembamba la kukunja.
- Taa ya kichwani na betri za akiba. Mbalamwezi haiondoi haja ya taa.
- Fimbo mbili za kutembelea. Kwa Lengai nazihesabu kuwa muhimu sawa na maji.
- Kofia ngumu, miwani ya kuzuia vumbi na barakoa.
- Chupa au mifuko ya maji ya jumla ya lita nne kwa kila mtu.
- Begi laini lisilo na magurudumu. Punda habebi sanduku, na ndege ndogo za kwenda Mafia kwa kawaida huweka kikomo cha kilo 15.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu, fedha na vitambulisho.

Dawa

Dawa ya malengelenge, chumvi za kurudisha maji mwilini, dawa ya maumivu, bandeji, mafuta ya kukinga jua na kinga ya malaria. Kinga hiyo ianze kwa ratiba aliyokupa daktari, ambayo mara nyingi humaanisha unaimeza ukiwa bado kwenye baridi ya Ngorongoro. Usiiahirishe kwa sababu huoni mbu.

Fedha taslimu

Ukishatoka Karatu usitegemee mashine ya benki. Chukua noti ndogo ndogo za kutosha.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi

Shika kalenda inayoonyesha umri wa mwezi. Hata ile ya msikitini inatosha. Usiku wa kupanda Lengai uuweke mwezi ukiwa na siku kumi na mbili, yaani siku mbili kabla ya kutimia ile kumi na nne.

Sababu ni hii. Usiku huo mwezi unachomoza kabla jua halijazama na unatua kama saa kumi na nusu alfajiri. Utaanza kupanda mwezi ukiwa juu, na unapoelekea magharibi unamulika upande ule ule wa mlima unaopandwa. Sehemu ndogo tu ya mwisho ndiyo utakayomalizia kwa taa, na hapo alfajiri iko karibu.

Baada ya kushuka unahitaji siku moja ya kufika Arusha na siku moja ya kuruka hadi Mafia. Ukianza kutembea visiwani mwezi una siku kumi na sita hivi, na hapo ndipo bamvua, maji yanayojaa na kushuka kupita kawaida, inapokuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa maji huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi mpevu. Wakati wa bamvua pwani yetu hukupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana na kujaa alasiri. Yaani mwamba uko wazi saa ambazo mtu anatembea.

Ukiuanza mpango huu wiki moja mapema zaidi, Lengai utaipanda gizani na Mafia utakuta maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Utakosa pande zote mbili kwa gharama ile ile.

Bamvua huja pia mwezi ukiandama. Wanaotaka kuona wekundu hafifu wa lava ya Lengai huchagua giza hilo makusudi, maana kwenye mwanga haionekani. Kwa anayepanda mara ya kwanza, siishauri.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi hadi Mei: njia za nyanda za juu huwa tope na makorongo ya Natron hujaa maji ghafla. Juni na Julai kumekauka vizuri juu, lakini upepo wa kusi ni mkali na bahari ya nje ya Juani inachafuka. Januari na Februari panafaa ila joto la Natron ni la kuadhibu. Mimi nachagua mwisho wa Septemba hadi Oktoba: kusi imelegea, vuli haijaanza, na Oktoba ndipo papa potwe wanapoanza kuonekana upande wa Kilindoni, mji wa Mafia.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe tatu umeziandika: usiku wa Lengai, siku ya kuruka, na siku ya kwanza ya kutembea kisiwani. Mengine yote yanahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

## Hatua ya 2: Funga makubaliano kwa maandishi

Tafuta kampuni yenye leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, na uombe kuiona. Kisha usikubali bei ya jumla isiyo na mchanganuo. Maneno "kila kitu kimo" ndiyo yanayozaa ugomvi porini.

Mchanganuo utaje kiingilio cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ada ya kambi, ada ya askari wa kutembea nao, punda na wenye punda, ushuru wa halmashauri kwenye vizuizi vya barabara ya Natron, mwongozaji wa Lengai, kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na mashua. Viingilio vya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Ukipita getini saa nne asubuhi, panga kutoka ukijua hilo, vinginevyo utalipia siku ambayo hukuitumia.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa:

1. Lengai kuna waongozaji wangapi? Jibu linalokubalika ni wawili au zaidi hata kama nyinyi ni watu wawili. Mmoja wenu akishindwa, mwongozaji mmoja anashuka naye na mwingine anaendelea. Mkiwa na mmoja tu, anayeshindwa anawashusha wote, au anaachwa peke yake kwenye majivu, jambo lisilofaa kabisa.
2. Gari litatusubiri wapi siku ya tano? Dereva anatakiwa azunguke mapema hadi Engare Sero.
3. Chakula na maji ya nyanda za juu vinatoka wapi? Vitoke Karatu. Tangu 2022 kaya nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kwa hiyo orodha za zamani za maduka na huduma za vijijini usiziamini.

## Hatua ya 3: Lala ukingoni kwanza (siku ya 1)

Toka Arusha asubuhi, pita Karatu, ingia lango la Lodoare. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Lala huko.

Wengi huiona siku hii kuwa ya kupoteza, wakaamka Arusha alfajiri na kuanza kupanda mchana ule ule. Lakini kesho yake unapita mita 3,000, na mwili uliotoka Dar es Salaam juzi unahitaji usiku mmoja wa kuzoea hewa nyepesi. Kunywa maji hata kama baridi inakukatalia. Ukiamka na kichwa kinachouma kidogo na hamu ya kula ipo, endelea polepole. Kikiuma kwa kichefuchefu na kizunguzungu, siku hiyo usipande.

## Hatua ya 4: Olmoti hadi Bulati (siku ya 2)

Kwenye kituo cha Nainokanoka mnakutana na askari na punda. Kagua punda kabla hawajapakiwa. Mwenye kidonda mgongoni arudishwe, si kwa huruma tu: atalala njiani na mzigo wako utalala naye.

Kupanda hadi ukingo wa kreta ya Olmoti ni saa moja hivi. Ndani yake ni uwanda wa majani, na Mto Munge unatokea humo ukaanguka kwenye maporomoko kuelekea Kreta ya Ngorongoro. Nyati wapo. Askari akisimama, simama; akinyamaza, nyamaza. Kukimbia ndiko kunakomwita nyati.

Kutoka hapo hadi kijiji cha Bulati ni mwendo wa saa tano au sita kwenye bonde la majani, punda na ng'ombe wakipishana nanyi. Ni siku rahisi. Itumie kupima mwendo: kama huwezi kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio mno.

Salamu hufungua njia kuliko fedha. Mwanamume husalimiwa "Sopai," hujibu "Epa." Mwanamke husalimiwa "Takwenya," hujibu "Iko." Picha ni baada ya kuomba, na ukikataliwa usirudie kuomba.

## Hatua ya 5: Empakaai (siku ya 3 na ya 4)

Bulati hadi ukingo wa Empakaai ni saa sita au saba, Loolmalasin ikiwa jirani yenu. Huo ni mlima wa tatu kwa urefu nchini, baada ya Kilimanjaro na Meru, na watu wengi hawajawahi hata kuusikia.

Pigeni kambi ukingoni. Anga likiwa safi utaiona Lengai upande wa kaskazini-mashariki, pembe ya kijivu iliyosimama peke yake. Itazame vizuri, ndiyo utakayoipanda.

Asubuhi ya siku ya nne shukeni ziwani na askari. Njia inapita msitu mnene, na kushuka ni dakika arobaini na tano hadi saa moja. Ziwa ni la magadi, lina kina cha mita 80 hivi, na mara nyingi flamingo wanaipaka rangi pembe yake moja.

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjika bila mwenyewe kujua. Watu hushuka kwa kasi, hukaa ziwani hadi jua kali, hupanda kwa haraka kwa sababu punda wanasubiri, kisha wanaunganisha na mwendo wa kwenda kijiji cha Nayobi. Misuli ya mapaja iliyochoshwa hapa haiponi kwa siku mbili.

Kwa hiyo anzeni kushuka saa kumi na mbili asubuhi, kaeni ziwani saa moja basi, na pandeni kwa mwendo wa mzee anayetoka shambani. Ikiwa kupanda kumekuchukua zaidi ya saa mbili, mwambie mwongozaji ukweli. Bado kuna nafasi ya kupunguza makali ya siku ya tano.

Umefaulu ukiwa umefika Nayobi kabla ya giza, umekula, na asubuhi unashuka ngazi bila kushika ukuta. Kwa kuwa Nayobi huna ngazi, chuchumaa mara kumi. Ni kipimo kile kile.

## Hatua ya 6: Kushuka Bonde la Ufa (siku ya 5)

Leo unashuka zaidi ya mita 1,000 kutoka baridi hadi joto. Vua sweta mapema. Fupisha hatua, pinda magoti kidogo na tumia fimbo mbele yako, si pembeni.

Kata kucha za vidole vya miguu jana yake. Kwenye mteremko mrefu vidole vinagonga mbele ya kiatu, na ukucha uliopigwa leo utakuwa mweusi kesho, na usiku wa Lengai utautaja jina lake kila hatua.

Punda hufika sehemu tambarare chini ya ukuta wa bonde, penye migunga. Kama kikundi kimechoka, laleni hapo na gari lije asubuhi. Kama mko sawa, gari liwachukue jioni hadi Engare Sero. Mimi huwa upande wa kulala Engare Sero: kuna maji ya kuoga, na mwili uliooga hupumzika tofauti.

## Hatua ya 7: Ol Doinyo Lengai (usiku wa siku ya 6)

Mchana wa siku ya 6. Usifanye chochote cha kujivunia. Asubuhi mapema mnaweza kutembea hadi maporomoko ya Engare Sero, kisha kivulini. Ziwa Natron liko kama mita 600 juu ya bahari na mchana joto lake hupita nyuzi 40. Lala baada ya chakula cha mchana. Kula tena saa kumi na mbili jioni, wanga wa kutosha na chumvi, lala hadi saa nne usiku.

Muulize mwenyeji hali ya mlima. Lengai ni volkano hai, mita 2,962, na ndiyo pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina yake, nyepesi kama tope na isiyo na moto mkali kama lava nyingine. Nyuzi 500 hadi 600 tu, ikitoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu. "Tu" hiyo isikudanganye. Mwaka 2007 na 2008 mlima huu ulilipuka vibaya. Wenyeji wakisema ardhi imekuwa ikitetemeka au moshi umebadilika, hakuna kupanda, na hakuna cha kujadiliana.

Saa tano usiku: kuondoka. Gari linawafikisha chini ya mlima, na mnaanza kutembea saa sita au kabla. Kila mtu abebe maji yake lita tatu hadi nne. Juu hakuna chemchemi, na aliyebebewa maji na mwenzake huachana naye njiani.

Saa mbili za kwanza ni majani marefu, kisha makorongo ya majivu laini. Mtu mwepesi huudharau mlima hapa akawapita wengine. Mwache apite.

Kutoka hapo mteremko unasimama. Majivu yaliyoganda huwa magumu kama saruji, yana mifereji, na juu yake changarawe inateleza. Panda kwa kukanyaga soli nzima, si vidole. Karibu na juu mwinuko hufika nyuzi 45 na utatumia mikono. Ndiyo maana ya glavu. Vaa kofia ngumu na usisimame chini ya mtu mwingine. Jiwe likiteleza, aliyeliangusha apige kelele mara moja.

Pumziko liwe fupi, dakika mbili au tatu kila nusu saa. Ukikaa robo saa, jasho linapoa na miguu inakataa.

Harufu ya kiberiti itakuambia kwamba mmekaribia mwanya kati ya miamba myeupe. Funga barakoa. Moshi ukija upande wenu sogeeni au subirini upite, msiushindanie.

Kileleni. Kutoka chini hadi hapa ni saa tano au sita. Tangu milipuko ile kuna shimo lenye kuta wima, na ukingo wake ni mwembamba na unamomonyoka. Kaa mbali kadiri mwongozaji anavyokuonyesha, na usishuke kwenye shimo hata kama sakafu yake inaonekana imeganda. Gamba jembamba juu ya uwazi wa moto halina alama.

Saa ya kugeuka. Saa moja asubuhi, popote mlipo, mnageuka. Sheria hii itajwe chini kabla ya kuanza, kila mtu akiisikia, kwa sababu juu hakuna anayekubali kuitunga. Jua likishapanda, mteremko huu hauna kivuli hata kimoja na maji yenu yamebaki nusu.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda, na ajali nyingi ni za kuteleza wakati huu. Geuka ubavu kwenye sehemu kali, kaa chini na kusota inapobidi. Nguo zitachanika na hilo si jambo. Majivu ya mlima huu huwasha ngozi yenye jasho, hivyo mkifika chini ogeni kabla ya kulala.

Umefaulu ukiwa umerudi kwenye gari kabla ya saa sita mchana ukitembea mwenyewe. Kilele ni ziada. Msaada mkubwa wa tiba uko mbali: Wasso upande wa Loliondo, au Karatu kwa barabara mbovu.

## Hatua ya 8: Kutoka majivu hadi chumvi (siku ya 7 hadi ya 9)

Siku ya saba ni ya kulala. Siku ya nane, endesheni kurudi Arusha kupitia Engaruka na Mto wa Mbu. Barabara hadi Mto wa Mbu ni ya vumbi na mawe na huchukua saa kadhaa. Ondokeni mapema, na weka stakabadhi za ushuru karibu, maana kizuizi cha pili kinaweza kuuliza za kwanza.

Siku ya tisa ruka Arusha hadi Dar es Salaam, kisha ndege ndogo hadi Kilindoni. Njia ya bei nafuu ni gari hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na chombo cha kuvuka hadi Kilindoni. Ukichagua hiyo, ongeza siku moja kwenye hesabu yako ya mwezi.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuanzia visiwani. Sishauri, hasa kwa wazamiaji. Aliyezamia na mtungi wa hewa halafu akakimbilia mwinuko wa Ngorongoro anahatarisha mwili wake sawa na aliyepanda ndege mapema.

## Hatua ya 9: Chole na Juani (siku ya 10 hadi ya 12)

Lipia kiingilio cha hifadhi ya bahari katika kijiji cha Utende, Mafia, na uhifadhi stakabadhi. Kisha zungumza na nahodha, na mazungumzo yaanze na maji, bei baadaye. Muulize: "Kesho maji yanakupwa saa ngapi?" Nahodha asiyejibu papo hapo, mtafute mwingine.

Siku ya 10: Chole. Kisiwa kidogo, unakizunguka bila haraka. Popo wakubwa hulala wakining'inia kwenye miti mchana. Usiwapigie kelele waruke ili upate picha. Maji yakikupwa tembea ufukweni na mwenyeji ujifunze kukanyaga: mchanga na mwamba mtupu ndiyo njia, matumbawe hai si njia. Kwenye maji ya kifundoni buruta miguu badala ya kuinua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, na uende hospitali ya Kilindoni.

Siku ya 11: Juani. Siku hii ndiyo sababu ya kupangilia bamvua. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa bado juu, mashua iwashushe Juani, kisha irudi nje kwenye kina. Ikibaki ndani itakaa kwenye tope hadi alasiri.

Anzeni na magofu ya Kua kabla ya joto: kuta za msikiti na nyumba kubwa zilizoshikwa na mizizi. Usipande juu ya kuta wala usiokote kigae. Ukikuta kitu kimewekwa kaburini, kiache kilivyo.

Kisha mkatize kisiwa kwa njia ya vichakani hadi pwani ya mashariki, mfike maji yanapokaribia kukupwa. Mwamba unakuwa wazi mbali, na vidimbwi vyake ni mazizi ya viumbe. Juni hadi Septemba vifaranga vya kasa huanguliwa upande huo. Mkiwakuta, simameni nyuma yao, nje ya njia yao, na msiwabebe.

Maji yakianza kurudi, geukeni mara moja. Bamvua hujaa kwa kasi, na huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako kabla haijagusa miguu yako. Usivuke mkondo wowote kwa miguu bila mwenyeji kutangulia.

Saa kumi alasiri mashua inaweza kuingia tena kuwachukua.

Siku ya 12 iache wazi. Bahari ikichafuka siku ya kumi na moja, Juani inahamia hapa. Isipochafuka, Oktoba hadi Februari kuna papa potwe Kilindoni. Anayetaka kuzamia na mtungi afanye hivyo mchana wa siku ya kumi, na asipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu atoke majini. Tiketi ya kurudi ikatwe kwa siku ya 13, mchana, si ya ndege ya kwanza asubuhi: nguo za chumvi hazikauki usiku, na kwenye ndege ndogo uzito wake unahesabiwa.